Nguzo za simu za mezani si kuni: wana Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, tuongee kabla baridi haijakolea

KipengereJuu (mleta uzi):

Wakuu, kamwene.

Naleta uzi huu kabla ya Juni, kwa sababu baridi ikishakolea kila mtu atakuwa amepanga kuni zake na hatakuwa na muda wa kusikiliza. Zile nguzo za mbao zilizobeba nyaya za simu za mezani sasa zinakatwa vipande na kuwashwa ndani ya nyumba. Nyingine zimeanguka zenyewe, nyingine zilibaki wima miaka mingi baada ya wezi kumaliza shaba, nyingine zinazungushwa na madalali kwa bei ambayo kuni za miwati haziwezi kushindana nayo. Nimeona rundo lake barazani kwa watu ninaowaheshimu sana. Vipande vina matundu ya bolti, na kimoja bado kina kile kikombe cheupe cha kaure kilichokuwa kinashika waya. Ndani ya nyumba hiyo kuna mtoto anayenyonya.

Nawaomba, msizichome. Nitaeleza sababu, halafu tuongee tutaota nini, maana kumwambia mtu wa Makete aache moto mwezi wa saba bila kumwonyesha njia nyingine si ungwana.

Ukichimbia mbao ardhini huku kwetu, mchwa na uozo vinaimaliza. Nguzo ya mkaratusi au msindano isiyotiwa dawa haidumu. Kwa hiyo kabla ya kusimamishwa huingizwa kwenye tangi refu la chuma, hewa inavutwa yote, kisha dawa inasukumwa kwa presha hadi iingie ndani ya mbao yenyewe. Haikupakwa juu kama rangi, na wala huimalizi kwa kuikwangua.

Dawa zilizotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kreosoti, mafuta meusi yanayotokana na lami ya makaa ya mawe. Nguzo yake ni nyeusi au kahawia iliyoiva, na jua likiwaka inatoa utomvu unaonata wenye harufu ya lami. Ya pili inaitwa CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, uliobuniwa na Mhindi Sonti Kamesam mwaka 1933. Hii huipa mbao rangi ya kijani, ila nguzo ikikaa juani miaka na miaka kijani kinafifia inakuwa ya kijivu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakadhani ni mti mkavu tu. Ikate uone: ule mduara wa nje mara nyingi bado una ukijani.

Arseniki ni sumu ambayo wafugaji wetu wa zamani waliishi nayo. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye majosho kuulia kupe kabla ya dawa za sasa. Nguzo kuzeeka hakuiondoi. Kama dawa ingekuwa imekwisha, nguzo nayo ingekuwa imeshaliwa na mchwa. Ukiichoma, sehemu ya arseniki inapanda na moshi, sehemu kubwa inabaki kwenye majivu. Haina harufu. Huwezi kuiona. Ya kreosoti angalau inakuonya kwa moshi mzito mweusi unaochoma macho, na masizi yake yana vitu vinavyoleta saratani.

Kinachonitia hofu kuliko moshi ni majivu. Fikiria majivu ya jikoni yanakokwenda katika nyumba ya kwetu. Mama anasugulia sufuria. Anachanganya na maharage yasibunguliwe. Yanamwagwa kwenye chainizi na figiri nyuma ya nyumba. Yanamwagwa chooni. Kuku wanayaogea. Ng'ombe na mbuzi wanayalamba kwa sababu yana ladha ya chumvi, na mifugo kufa kwa kulamba majivu ya mbao zenye CCA ni jambo ambalo madaktari wa mifugo wanalijua vizuri. Moto wa usiku mmoja unaisha alfajiri, lakini yale majivu yanazunguka nyumbani msimu mzima.

Karibuni tujadili. Mwenye uzoefu wa hizi laini aje atusaidie.

Mama_Bulongwa:

Asante kaka kwa kutukumbuka. Ni kweli huku zipo, na anayeleta anasema zimekaukia wima hivyo zinawaka vizuri. Zinawaka kweli. Lakini kaka, njoo na la pili ulilotuahidi. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, bati juu, siling hakuna. Usiku mwezi wa saba unahisi bati linakuvuta joto mwilini, na asubuhi maji yanadondoka kitandani kama mvua imenyesha ndani. Tukizima moto watoto hawalali. Tufanyeje?

FundiLaini_Mstaafu:

Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya laini tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, lile lililotokea baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, hadi posta na simu zilipotenganishwa miaka ya 1990 ikaja kampuni ya simu ya TTCL. Nakazia kila alichosema mleta uzi.

Nguzo ya kreosoti tuliipanda kwa mkanda na vyuma vya miguuni. Ukishuka, mikono na shingo vimepakwa, na ukikaa juani ngozi inawaka moto na kubabuka. Wakubwa zetu wa kazi walitukataza kabisa kuchemshia chai mabaki ya nguzo tukiwa kambini, hata mvua inyeshe vipi. Sisi tulijua kwa ngozi zetu. Waliokuja baada ya laini kufa hawakuambiwa na mtu.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu laini yenyewe, maana vijana mnaona mti tu. Simu ile ilikuwa nyaya mbili za shaba kutoka kwako hadi kwenye mtambo wa mji. Kwa namba za eneo, Mbeya, Ruvuma na Rukwa tukawa 025, Iringa 026, na Njombe wakati ule ilikuwa bado ndani ya Iringa. Wengi hawajui kwamba simu ya mezani haikuhitaji umeme wa nyumbani. Mtambo ulikuwa na chumba cha betri za risasi na asidi, zimepangwa safu kwa safu, zinasukuma volti 48 hadi sebuleni kwako. Ukiinua mkono wa simu, mkondo unapita, mtambo unajua unataka kupiga. Ukizungusha namba, waya unakatwa na kuungwa: tano ni mara tano, sifuri ni mara kumi. Kengele ilikuwa na umeme wake, wa kupindukapinduka, volti zaidi ya 70. Fundi ukiwa juu ya nguzo umeshika nyaya zote mbili na mtu akapiga simu, mkono wako ungejua kabla ya mwenye nyumba.

Kabla ya hizo kulikuwa na simu za kukoroga, hasa kwenye misheni na mashamba makubwa. Betri kavu ndani ya sanduku, unakoroga, kibao kinaanguka mezani kwa opereta, anakuuliza unamtaka nani. Laini moja mara nyingine iligawanywa na nyumba kadhaa, kila nyumba na mlio wake wa kengele.

Umeme wa mji ukikatika usiku wa baridi, taa zinazima, simu inabaki hai, kwa sababu chakula chake kilitoka kwenye zile betri.

Baridi nayo tuliihesabu. Shaba ikipoa inafupika. Ukivuta waya mchana wa jua kali lazima uuache ulegee kiasi, la sivyo usiku wa Julai utakaza hadi ukatike au ung'oe kikombe. Asubuhi na mapema, waya umekaza na upepo unapita, nguzo inavuma. Watoto walikuwa wanakuja kuweka sikio kwenye mti, wanaapa wanasikia watu wa Dar wanaongea.

KipengereJuu:

Shikamoo mzee wangu. Ulichoandika hapa vijana wengi hawajawahi kusimuliwa. Ahsante sana.

Mama Bulongwa, nakuja kwako dada. Bati lako kweli linakuvuta joto. Usiku usio na mawingu bati linatupa joto lake angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Pumzi zenu zikiligusa zinageuka maji, ndiyo hayo yanayodondoka. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ukiipata iweke juu, si kwenye kuni. Siling bodi au mbao nyembamba ni bora, lakini hata viroba safi vilivyoshonwa pamoja na kukazwa vizuri chini ya kenchi vinasaidia sana, ilimradi viwe chumba cha kulala na si juu ya mafiga, maana vinashika moto upesi. Hewa inayotulia kati ya siling na bati ndiyo blanketi lenyewe.

Pili ni ile nafasi kati ya ukuta na paa, pamoja na chini ya mlango. Chumba cha kulala ziba kwa udongo na matambara. Jikoni usizibe, moshi upate pa kutokea.

Tatu ni kitanda. Watu wanaongeza blanketi juu wakati baridi inatoka chini. Godoro jembamba juu ya chaga halizuii kitu. Tandika maboksi, nyasi kavu ndani ya magunia, au mikeka miwili mitatu chini ya godoro, utaona tofauti usiku huohuo. Mtoto avae soksi na kofia ya mzula. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikavalishwa soksi nzito, ukaiweka miguuni nusu saa kabla ya kulala, inafanya kazi kubwa. Tofali lililopashwa pembeni ya mafiga na kuviringishwa kwenye khanga kuukuu nalo linabaki na uvuguvugu muda mrefu. Kwa mtoto mchanga usiweke chupa wala tofali mwilini. Pasha kitanda, toa, ndipo umlaze.

Sasa moto. Wale wa Mafinga na Njombe mjini tuna utajiri unaotupwa pembeni ya viwanda vya mbao: maranda na vumbi la mbao. Chukua debe, toboa tundu chini ubavuni, simamisha chupa katikati na nyingine ilale kutoka tundu la ubavuni ikutane nayo. Shindilia vumbi la mbao hadi liwe gumu kabisa, kisha chomoa chupa taratibu. Washa kupitia tundu la chini. Likishindiliwa vizuri linawaka saa nyingi bila kuchochewa. Ila uliza vumbi hilo limetoka mbao gani. Kiwanda kinachopasua mbao zilizotiwa dawa, vumbi lake usilete nyumbani, hata kwa banda la kuku.

Jiko lolote la kuota ndani lipate dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje. Nyumba za zamani za misheni na zile za mashamba ya chai Mufindi zilijengwa na dohani kwa sababu waliozijenga waliijua hii baridi. Sijui kwa nini sisi tunajenga nyumba nzuri za vigae tukasahau dohani.

Na wenye kiwanja ambao hawajajenga: msichague bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama chini. Barafu asubuhi inaanzia mabondeni, mteremkoni kunakuwa na nafuu.

Muuguzi_Nyanda:

Naongeza la mkaa, kwa sababu mtu akisikia nguzo ni sumu atasema basi naingiza jiko la mkaa chumbani, halina moshi.

Mkaa usio na moshi ndio unaoua usiku. Unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani na hainuki. Ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Akiwa amelala hazioni dalili hizo. Familia nzima ikiamka vichwa vinauma na wote wanapata nafuu wakitoka nje, hiyo si malaria. Mtoeni mgonjwa nje kwenye hewa kwanza, hata kama kuna baridi kali, mfunikeni huko nje, halafu mkimbizeni kituo cha afya. Msimpe maziwa mkadhani yatasafisha.

Jiko la mkaa liotewe barazani au mlango na dirisha vikiwa wazi. Likae nje kabla ya mtu yeyote kwenda kulala. Majivu yenye makaa mekundu ndani bado yanatoa hiyo gesi.

Kijana_Uyole:

Uzi mzuri wakuu. Nina swali limenijia baada ya kumsoma mzee. Mtu akizidiwa saa nane usiku huko Kitulo, umeme umekatika tangu jana, simu janja imezima na mnara nao umezima, anampigia nani? Mzee anasema zamani simu ilibaki hai. Sasa tumepata nini na tumepoteza nini?

MkingaUghaibuni:

Mdogo wangu, swali hilo wameliuliza hata huku niliko, Scotland. Mwezi Novemba 2021 ilikuja dhoruba iliyoitwa Arwen, ikaangusha miti na nyaya za umeme. Kuna nyumba zilikaa bila umeme zaidi ya wiki moja, kwenye baridi. Waliokuwa na simu ya waya wa shaba, pale ambapo waya ulipona, waliweza kupiga. Waliokwisha kuhamishiwa simu inayopita kwenye kiboksi cha intaneti walizimikiwa vyote kwa pamoja, kwa sababu nyuzi za kioo zinazoleta intaneti hiyo hazibebi umeme, na kile kiboksi kinategemea soketi ya nyumbani.

Kelele zilikuwa kubwa, hasa kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao, hadi Machi 2022 kampuni ya simu ya BT ikasimamisha kwa muda kuwahamisha wateja. Tarehe ya kuzima laini za zamani nchini Uingereza ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027. Mdhibiti wao anataka mtu anayetegemea simu ya mezani tu apewe kitu cha kumwezesha kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Saa moja, kwa nyumba iliyo mlimani na barabara imezibwa na theluji! Nami naona ni kidogo mno.

Nyumbani tuliziacha laini bila hata mjadala huo.

KipengereJuu:

Kaka wa Scotland, asante. Kijana wa Uyole, nijibu nilivyoona.

Tulichopata ni kikubwa. Enzi za nguzo, kijiji kizima kilikuwa na simu moja ofisini, kama ipo. Leo bibi shambani anapokea pesa ya mwanawe aliye Dar. Siwezi kuililia ile laini kana kwamba ilimfikia kila mtu. Lakini ile akili ya kuweka betri za kutosha mtamboni, ili simu isizime umeme ukizima, hiyo tuidai. Minara nayo ina betri na jenereta au sola. Umeme ukikatika muda mrefu, swali ni zinadumu saa ngapi. Diwani na mbunge waulizwe hilo kila kikao, kwa mitaa ya juu kama yetu ambako mvua na ukungu vinafunga barabara.

Kwa sasa kila nyumba iwe na kitochi kimoja, ile simu ndogo ya vitufe, chenye chaji, kisichochezewa. Kitochi kinatumia 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili ulioanza Finland mwaka 1991, na menyu zetu za kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli zimejengwa juu ya ujumbe wa mtandao huohuo. Wenzetu wanauzima: Marekani AT&T walizima wao Januari 2017, Uingereza wamepanga 2G na 3G zote ziwe zimezimwa ifikapo 2033. Siku hoja hiyo ikiletwa kwetu, tuwe tumeshajua ni nani atakayebaki gizani.

Betri ya simu haipendi baridi. Inaonyesha ina chaji, ghafla inazima. Usiku iweke ndani ya blanketi karibu na mwili, si dirishani, na wala si pembeni ya jiko. Mtandao wako ukikosekana jaribu 112 hivyohivyo, maana simu inaweza kutumia mnara wa mtandao mwingine kwa namba hiyo, hata salio likiwa sifuri. Zimamoto ni 114. Mama mjamzito au aliyejifungua akizidiwa, piga 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura. Ziandikeni ukutani kwa mkaa, mtoto anayejua kusoma aweze kupiga.

Mama_Bulongwa:

Nimesoma yote, na baba watoto nimemsomea. Rundo tumelitoa barazani. Nina mambo matatu. Majivu ya wiki iliyopita tuliyaweka kwenye ndoo, tufanyeje? Maharage debe moja nilishachanganya na majivu hayo. Na vipande vilivyobaki, baba anataka ajengee banda la nguruwe.

KipengereJuu:

Pole na hongera dada, kwa kuyasema haya hadharani umesaidia wengine.

Majivu: yanyunyizie maji kidogo yasipeperuke, funga mdomo na pua kwa kitambaa, vaa mifuko ya plastiki mikononi, uyahamishie kwenye mifuko migumu miwili, mmoja ndani ya mwingine, funga. Weka juu, mbali na watoto na mifugo, kisha mwoneni bwana afya wa kata awaelekeze pa kuyapeleka. Msiyamwage mtoni, shambani wala chooni. Mahali pa moto futeni kwa tambara bichi, msifagie kwa ufagio mkavu. Sufuria mlizosugulia zioshwe kwa sabuni na maji mengi.

Maharage: najua bei ya debe, na najua yalivyolimwa. Yasiliwe, wala kuku wasipewe. Kuosha hakutoshi kwa sababu sumu hiyo inayeyuka kwenye maji na punje inakunywa maji.

Banda la nguruwe hapana. Nguruwe anatafuna mbao siku nzima. Hata hori, mzinga wa nyuki au kitalu cha mboga msitengenezee. Vipande virefu vinafaa kusimamisha uzio wa barabarani, mbali na kisima, bila kuvichana. Kama ni lazima kukata, mkate nje, upepo ukiwa mgongoni, na vumbi la msumeno mlikusanye kwenye turubai liende mfuko mmoja na yale majivu.

FundiLaini_Mstaafu:

Na kikombe cha kaure mwanangu asikitupe. Hicho hakina dawa. Kioshwe tu, tulivitumia kukazia waya wa uzio wa ng'ombe.